Timu Iliyoshinda Michezo Yote Ikabaki Nyumbani

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba mwaka 1951, timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha San Francisco, katika jimbo la California huko Marekani, ilimaliza msimu wake ikiwa imecheza michezo tisa na kushinda yote tisa. Haikushindwa hata mara moja, wala haikutoka sare. Katika nchi ile timu ya chuo yenye sifa kama hiyo hungoja jambo moja tu, nalo ni kualikwa kwenye mojawapo ya michezo mikubwa ya Mwaka Mpya. Vijana wale walingoja. Neno lilipokuja lilikuja na sharti, na sharti lenyewe lilikuwa fupi: njooni, ila wale wenzenu wawili weusi waacheni nyumbani.

Hawakwenda. Na kwa sababu hawakwenda, timu yenyewe ilikufa.

Kabla hatujaendelea, msomaji, yafaa tuelewane juu ya mpira wenyewe. Huu si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, hushikwa mikononi, hukimbizwa na kurushwa, na mara chache tu hupigwa kwa mguu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, na kazi ya timu ni kuuchukua mpira hatua kwa hatua mpaka kuuvusha mstari wa mwisho wa wapinzani. Kufanya hivyo huleta pointi sita. Mwenye mpira hukamatwa, husukumwa na kuangushwa chini kwa nguvu zote, ndiyo maana wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya bandia. Ni mchezo wa vishindo, na Wamarekani huupenda kama sisi tunavyoupenda wetu.

Lakini jambo ambalo mgeni huchelewa kulifahamu ni kwamba mpira wa vyuo nchini humo si burudani ya wanafunzi peke yao. Ni biashara. Tiketi za mlangoni huendesha timu, na timu inayojaza uwanja huweza kugharimia michezo mingine yote ya chuo. Kilele cha biashara hiyo, katika miaka tunayoizungumzia, kilikuwa ni ile michezo ya Mwaka Mpya ambayo majina yake huishia na neno Bowl, yaani bakuli. Wa zamani kuliko yote ni Rose Bowl wa Pasadena, California, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1902. Kisha ukaja Orange Bowl mjini Miami na Sugar Bowl mjini New Orleans, yote miwili mwaka 1935. Cotton Bowl mjini Dallas mwaka 1937. Na Gator Bowl mjini Jacksonville mwaka 1946.

Tazama ramani na utaona tatizo. Ukiuondoa ule wa Pasadena, michezo yote hiyo ilichezwa katika majimbo ya Kusini, ambako sheria na desturi zilimtenga mtu mweusi shuleni, hotelini, ndani ya basi na hata kwenye bomba la maji ya kunywa. Na ule wa Pasadena, tangu mwaka 1947, ulikuwa umefungwa kwa mkataba: bingwa wa umoja wa vyuo vya Pwani ya Pasifiki hukutana na timu ya umoja wa vyuo vikubwa vya katikati ya nchi. Chuo cha San Francisco hakikuwa mwanachama wa umoja wowote. Mlango wa karibu na nyumbani ulikuwa umekomewa, na ile mingine ilikuwa na bawabu.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo. Kilianzishwa mwaka 1855 na mapadre wa shirika la Wajesuiti, nacho kimekaa juu ya kilima, na kanisa lake la Mtakatifu Ignatius huonekana kutoka mbali. Timu ilicheza katika uwanja wa manispaa uitwao Kezar, wenye nafasi ya watu wapatao 60,000. Ni uwanja ambao timu ya chuo kidogo ikicheza, sauti ya refa husikika pembe zote kwa uchache wa watu. Hesabu za fedha za timu zilikuwa mbaya, na kila mtu chuoni alilijua hilo.

Wachezaji walikuwa watoto wa watu wa kawaida. Baadhi yao walikuwa wametoka vitani, kwani sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi nafasi ya kusomeshwa kwa gharama ya serikali, na vyuo vya Marekani vikajaa watu wazima waliokwisha kuona mauti kabla ya kuona kitabu cha chuo. Mmoja wao alikuwa Gino Marchetti, mwana wa wahamiaji wa Kitaliano kutoka mji mdogo wa Antioch. Alikuwa amepigana Ulaya akiwa mpiga bombomu. Inasimuliwa kwamba siku alipofika chuoni kujitambulisha alikuja juu ya pikipiki, amevaa koti la ngozi, na mwalimu wa timu akatazama pembeni kwa mashaka. Mwingine alikuwa Bob St. Clair, kijana mrefu kupita kiasi, aliyejulikana kwa mambo mawili: nguvu zake, na tabia yake ya kula nyama mbichi.

Na walikuwapo wale wawili.

Ollie Matson alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Trinity, jimbo la Texas, akaletwa San Francisco angali kijana. Burl Toler alizaliwa mwaka 1928 mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Wote wawili walitoka Kusini ile ile ambayo baadaye ingekataa kuwapokea. Walipitia kwanza chuo cha mji wa San Francisco, ambako timu yao ya mwaka 1948 nayo haikushindwa, kisha wakapanda kilima kwenda kwa Wajesuiti. Matson alikuwa mkimbiaji. Ukubwa wa mwili wake ulikuwa wa mtu wa kusukumana, lakini mbio zake zilikuwa za mtu wa riadha, na riadha ndiyo iliyokuwa penzi lake la pili. Toler alikuwa mlinzi, mtu wa kimya, ambaye wenzake waliomwona mazoezini walimhesabu kuwa hapungui Matson kwa lolote.

Mwalimu wao aliitwa Joe Kuharich. Alikuwa mkali. Kabla ya msimu kuanza aliwapeleka vijana wake mahali paitwapo Corning, kaskazini mwa California, penye mashamba ya mizeituni na joto la kuchoma, akawafanyisha mazoezi mpaka wakachoka kuchoka. Huenda huko ndiko walikofanywa kuwa timu. Watu waliokunywa maji ya ndoo moja katika jua kama lile hawaanzi upya kuulizana rangi.

Alikuwapo pia kijana mmoja ambaye hakucheza. Jina lake Pete Rozelle, na kazi yake ilikuwa kuandika habari za timu na kuzisambaza magazetini. Aliamini kwamba Matson ndiye mchezaji bora wa nchi nzima, ila waandishi wakubwa walikaa mashariki na hawakupata kumwona. Hivyo basi safari ya New York, kwenda kucheza na chuo cha Fordham, ilikuwa kwake nafasi ya dhahabu.

Msimu ulianza kwa kishindo. San Jose State walifungwa 39 kwa 2. Idaho wakafungwa 28 kwa 7. Askari wa majini wa kambi ya Pendleton hawakupata hata pointi moja dhidi ya 26. San Jose State walirudiwa, nao wakafungwa tena, 42 kwa 7. Kisha, katika mwezi wa Oktoba, ikaja hiyo New York. Fordham walikuwa wagumu, na mchezo ulikwisha kwa 32 kwa 26, lakini siku ile ilikuwa ya Matson. Mara mbili aliupokea mpira uliopigwa kutoka upande wa pili akakimbia nao uwanja karibu mzima, mara moja yadi 94 na mara nyingine yadi 90, bila mtu wa kumshika. Sasa mashariki nao walikuwa wameona.

Mwezi huo huo wa Oktoba 1951, katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, mchezaji mwingine mweusi aliyekuwa akisifiwa nchi nzima, Johnny Bright wa chuo cha Drake, alipigwa usoni kwa makusudi wakati mpira haukuwa mikononi mwake. Taya lake lilivunjika. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines walilinasa tendo lile hatua kwa hatua, na mwaka uliofuata picha zile zilipata tuzo ya Pulitzer. Nalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba ubaguzi wa siku zile ulikuwa wa barua na maneno ya ofisini tu.

San Francisco waliendelea. Waliwashinda wanamaji wa San Diego, wakawashinda jirani zao wa Santa Clara. Mchezo wa nane ulikuwa mjini Stockton dhidi ya Chuo cha Pacific, timu yenye sifa, na wengi waliamini kwamba atakayeshinda pale ndiye atakayealikwa Kusini. San Francisco walishinda 47 kwa 14. Kilichobaki kilikuwa ni kumalizia na Loyola, na mchezo huo, kwa mzaha wa mambo, ulifanyika katika uwanja ule ule wa Rose Bowl ambao mwezi wa Januari usingewaruhusu. Walishinda 20 kwa 2.

Matson peke yake alikuwa amekimbia na mpira yadi 1,566 na kuuvusha mstari mara 21. Hakuna mchezaji wa chuo nchini aliyemzidi mwaka ule kwa hesabu zote mbili. Lakini kura za tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo, zilipohesabiwa, alikuwa wa tisa.

Sharti

Sasa turudi kwenye lile neno. Hakuna karatasi rasmi iliyoandikwa kwamba timu hii haitakiwi kwa sababu ya rangi ya watu wake wawili. Mambo kama hayo hayaandikwi. Kilichosemwa hadharani ni kwamba San Francisco walicheza na timu dhaifu. Lakini mtangazaji mmoja wa redio wa mjini humo alieleza hewani kwamba amepata habari kutoka kwa wakubwa wa michezo hiyo kwamba Orange, Sugar na Gator hazikutaka timu yenye wachezaji weusi. Na wachezaji wenyewe, kwa miaka mingi baadaye, walisimulia jambo moja bila kupingana: mwalimu Kuharich aliwaambia kwamba wangeweza kwenda Kusini iwapo Matson na Toler wangebaki.

Haukuwa mkutano. Hapakupigwa kura wala hapakutolewa hotuba. Waliosimulia wanasema jibu lilitoka mara moja, na sauti ya Marchetti ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Matson na Toler hawakuombwa kusema kitu. Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu katika visa vya namna hii aghalabu anayeonewa ndiye anayetwishwa mzigo wa kuamua; huambiwa kwa upole kwamba akijitoa mwenyewe atakuwa amewasaidia wenzake. Wale hawakuwatwika wenzao mzigo huo.

Wala isidhaniwe kwamba lilikuwa jambo jepesi. Walijua hali ya fedha. Walijua kwamba mapato ya mchezo mmoja wa Mwaka Mpya yangeweza kuiokoa timu, na kwamba bila mapato hayo chuo hakingeweza kuendelea. Miongoni mwao walikuwapo vijana waliobakiwa na mwaka mmoja au miwili ya masomo, ambao nafasi yao ya chuo ilitokana na mpira. Waliokuwa wakimaliza walipoteza siku moja ya fahari. Hawa wengine walipoteza timu.

Kuhusu ile hoja ya timu dhaifu, haki itendeke. Ni kweli kwamba wanamaji wa San Diego hawakuwa timu ya kutisha. Lakini Chuo cha Pacific, waliofungwa 47 kwa 14, ndio walioalikwa kwenye mchezo wa Mwaka Mpya! Walikwenda El Paso, Texas, kucheza Sun Bowl, wakafungwa na Texas Tech 25 kwa 14. Na hapa kisa kinakataa kuwa rahisi, maana Pacific nao walikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon, naye alicheza siku ile, wa kwanza wa rangi yake katika mchezo huo. Miaka michache kabla, mwaka 1948, El Paso hiyo hiyo ilikuwa imekataa kumpokea mchezaji mweusi wa chuo cha Lafayette, na timu nzima ya Lafayette ikabaki kwao. Ukuta ulikuwa umeanza kupata nyufa, lakini nyufa hazikuwa zimefika Miami wala New Orleans. Hata mwaka 1956, chuo cha Pittsburgh kilipomleta Bobby Grier kwenye Sugar Bowl, gavana wa Georgia alijaribu kuizuia timu ya jimbo lake isicheze naye. Hakufanikiwa, Grier alicheza.

Tarehe mosi Januari 1952 mjini Miami, Georgia Tech waliwafunga Baylor 17 kwa 14. Vijana wa San Francisco walikuwa makwao. Msimu ule ulipokwisha, chuo kilitangaza kwamba kimeufuta mchezo wa mpira kwa sababu ya gharama. Ulipofufuliwa miaka ya baadaye ulikuwa mchezo mdogo, usio na uhusiano na ule wa zamani.

Nisingependa msomaji auweke mji wa San Francisco mbinguni na Kusini motoni. Mwaka 1957, Willie Mays, mmoja wa wachezaji maarufu kupita wote wa besiboli, alipotaka kununua nyumba mjini humo, majirani walipinga kwa sababu ya rangi yake. Wale vijana wa 1951 hawakutoka katika mji usio na dhambi.

Walikokwenda

Walitawanyika, na waliotawanyika walisikika. Matson alichukuliwa na Chicago Cardinals, timu ya kulipwa, lakini kwanza alikwenda Helsinki kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1952, akarudi na medali ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimtaka kiasi cha kutoa watu tisa kwa ajili yake peke yake. St. Clair alimalizia masomo kwingine, akacheza miaka mingi katika timu ya kulipwa ya San Francisco, tena katika uwanja wake wa zamani wa Kezar, na akapata kuwa meya wa mji wa Daly City. Marchetti alikuwa nguzo ya Baltimore Colts. Rozelle, yule kijana wa kuandika habari, mwaka 1960 alifanywa kamishna wa ligi nzima ya mpira wa kulipwa, akaiongoza hadi mwaka 1989.

Mwaka 1972, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, lilipo jumba la kuwaenzi wachezaji wakubwa wa mchezo huo, Marchetti na Matson waliingizwa mwaka mmoja. St. Clair akafuata mwaka 1990. Watatu kutoka timu moja ya chuo ambayo haikualikwa popote.

Toler hakuwa miongoni mwao. Katika kiangazi cha 1952 alichaguliwa kucheza mjini Chicago katika mchezo wa kila mwaka kati ya vijana bora waliomaliza vyuo na mabingwa wa kulipwa. Huko goti lake liliharibika, na safari yake ya uchezaji ikaishia hapo kabla haijaanza. Alirudi San Francisco, akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, mtu mweusi wa kwanza kuongoza shule ya sekondari mjini humo. Mwaka 1965 ligi ya kulipwa ilimwajiri kuwa mwamuzi, wa kwanza wa rangi yake, na kamishna wa ligi wakati ule alikuwa ni Rozelle. Siku za juma alikuwa na wanafunzi wake. Jumapili alikuwa uwanjani na filimbi. Mwezi wa Januari 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa fainali kuu, Super Bowl, mchezo uliofanyika Pasadena, katika uwanja ule ule alikomalizia msimu wa 1951.

Mwaka 2006 chuo kiliwapa wachezaji waliokuwa bado hai shahada za heshima, na Januari 2008 waliletwa Arizona kuwa wageni wa Fiesta Bowl, wazee wenye mvi, baadhi yao na mikongojo. Toler alifariki mwaka 2009, Matson mwaka 2011, St. Clair mwaka 2015, na Marchetti mwaka 2019.

Jengo la shule ambayo Toler alikuwa mwalimu mkuu wake, katikati ya San Francisco, sasa lina jina lake ukutani. Watoto hupita chini yake kila asubuhi wakienda madarasani.